Bamvua la shubiri nne

Nilikuwa nasubiri king'ora. Kabla ya safari nilishasoma kwamba Venice ikikaribia kufurika ving'ora hulia mji mzima, kisha hufuata mlio mrefu: mmoja maji yakitazamiwa kufika ngazi ya kwanza, miwili ngazi ya pili, mpaka minne, ambayo maana yake panda juu na vyako. Basi nililala fofofo, nikijiambia kisipolia hakuna maji. Hakikulia. Saa mbili asubuhi nikafungua dirisha la ghorofani, nikamwona mzee mmoja anapita uchochoroni na mkate kwapani. Uchochoro mkavu, hata tone la mvua hakuna. Na yeye amevaa gambuti zinazofika mapajani.

Nyuma yake mama na mtoto, wote gambuti. Kijana anayesukuma mizigo kwenye rukwama, gambuti. Nikageuka nikatazama raba zangu za kitambaa zilizokaa mlangoni, nyeupe pe, nikajua hapa kuna jambo ambalo kila mtu ameambiwa isipokuwa mimi.

Bibi mwenye nyumba alikuwa jikoni anamenya chungwa. Ni mjane wa miaka sabini na kidogo. Mimi nina Kifaransa cha sekondari, yeye ana Kifaransa cha ujanani, na pale vyote viwili vilipoishia tulimalizia kwa mikono. Alichukua bahasha ya bili akaandika 105. Chini yake akaandika 110, akachora kitu kama tarumbeta. Nikaelewa: king'ora huanzia sentimita 110, na leo yanatabiriwa 105, kwa hiyo hakikuwa na sababu ya kulia. Kisha akaandika 118, akagonga sakafu mara mbili kwa kisigino. "Casa mia." Nyumba yangu.

Hiyo 118 ndiyo iliyonifungua macho. Kwa siku mbili nilizokaa pale niligundua kwamba wenyeji wa Venice wanaijua namba ya kizingiti chao kama sisi tunavyojua namba zetu za simu. Mwenye duka la fremu za picha upande wa pili wa uchochoro ni 102. Kanisa la mtaani, sijui, lakini bibi alijua. Ukisema "kesho 105" kila mtu anafanya hesabu yake kimya kimya: wewe umepona, wewe umeloa.

Nieleze kidogo nilifikaje huko. Nilikuwa Padova wiki tatu kwa mafunzo ya kazi, mambo ya ukarabati wa majengo ya zamani, na Padova mpaka Venice kwa treni ni kama nusu saa. Novemba si msimu wa watalii na chumba mtaa wa Cannaregio hakikuniumiza sana mfuko. Mwalimu wetu alisema nichague wikiendi nyingine, mwezi ni mpevu na upepo ni mbaya. Nikamjibu kwamba mimi ni mtoto wa Pangani, nimezaliwa na bahari mlangoni, bamvua haliwezi kunitisha. Mdomo uliponza kichwa.

Ijumaa jioni nilipofika niliangalia jedwali la maji nikacheka. Kwetu bamvua likija, bahari hupanda na kushuka zaidi ya mita tatu. Mashua iliyoelea asubuhi, alasiri imelala ubavu mchangani, na watu wanaokota chaza pale ambapo nahodha alikuwa na karibu pima mbili za maji. Venice, hata siku za mwezi mpevu, tofauti ya maji kujaa na maji kupwa ni kama mita moja. Shubiri nne na ushee! Nilimtumia baba ujumbe wa sauti nikimwambia kwamba hawa Waitaliano wanaita bamvua kitu ambacho kwetu hata maji mafu yangekionea huruma.

Sikuwa nimefikiria kwamba wao walijenga mji kwa kufuata shubiri hizohizo nne. Bahari isiyopanda sana huwafanya watu waisogelee. Milango inafunguka kwenye maji, ngazi za mawe zinashuka moja kwa moja mferejini, sakafu za chini zimekaa juu ya maji ya kawaida kwa kiasi ambacho fundi wa kwetu angekataa kusaini. Kila wanda, yaani upana wa kidole, lina kazi yake. Ukiongeza wanda tano tu, umeshamharibia mtu chakula cha mchana.

Na maji ya ziada hayaletwi na mwezi peke yake. Bahari ya Adriatiki ni kama uchochoro mrefu uliozibwa upande wa kaskazini, na Venice imekaa palepale penye ukuta. Upepo wa sirocco unavuma kutoka kusini-mashariki. Nilipoambiwa hivyo nikasema moyoni, kumbe na wao wana kusi! Ukivuma siku mbili tatu mfululizo unayarundika maji kwenye ncha ya uchochoro. Mgandamizo wa hewa nao ukishuka, bahari huumuka kidogo. Na upepo ukikata mambo hayajaisha, maana maji yaliyorundikwa hurudi kusini kisha huja tena baada ya saa 22 hivi, yanayumba kwenda na kurudi kama maji kwenye ndoo aliyojitwisha mtoto. Mwezi, upepo, hewa na huko kuyumba vikikutana kwa wakati mmoja, ndipo watu hupandisha mafriji juu ya matofali.

Jambo lingine lililonichanganya: 105 si kina cha maji barabarani. Ni kimo cha bahari juu ya usawa uliowekwa mwaka 1897 kwenye kipimo cha Punta della Salute, pale Mfereji Mkuu unapotokea. Na bahari yenyewe haikubaki pale ilipokuwa mwaka ule. Siku hizi wastani wake umepita usawa huo kwa zaidi ya sentimita 30. Sehemu ni bahari kupanda, sehemu ni mji kuzama, na katikati ya karne iliyopita waliuharakisha wenyewe kwa kuvuta maji ya visima virefu kwa ajili ya viwanda vya Marghera, upande wa bara, hadi walipoacha miaka ya 1970. Kwa hiyo ile safari ya wanda tano inaanza na deni la shubiri moja na nusu.

Saa tatu hivi tulishuka kumsaidia jirani wa fremu. Bibi alinipa gambuti za marehemu mumewe, namba 44, mimi navaa 39, nikajaza soksi. Mlango wa duka una mifereji miwili ya chuma kwenye miimo, kushoto na kulia. Jirani akateremsha ubao wa alumini kwenye hiyo mifereji, wenye ukanda wa mpira chini na pembeni, akaubana kwa skrubu mbili kubwa za kuzungusha kwa mkono. Unafika magotini. Nilidhani kazi imekwisha. Akanionyesha sakafuni, pembeni kwenye kona, tundu lenye pampu ndogo ndani yake, akacheka kwa uchovu. Maji hayasubiri mlangoni. Yanapita chini, kwenye viungo vya mawe ya sakafu, kwenye bomba la maji machafu, hata katikati ya tofali na tofali. Ubao unaziba mlango, pampu inapambana na hayo mengine.

Tukapandisha makatoni kwenye rafu za juu. Soketi za umeme zote ziko usawa wa kifua changu. Ndani ya duka, ukutani, kuna mistari ya kalamu ya risasi na tarehe, kama vile wazazi wanavyopima urefu wa watoto. Mrefu kuliko yote aliouchora mwenyewe uko kwenye nyonga yangu: 12 Novemba 2019. Usiku ule maji yalifika sentimita 187, na yakarudi kupita 140 mara kadhaa ndani ya wiki hiyohiyo, watu hawajamaliza hata kukamua mazulia. Juu ya 187 kuna moja tu kwenye kumbukumbu za vipimo, 194 ya tarehe 4 Novemba 1966. Bibi alikuwa bado msichana wakati ule. Anachokumbuka ni harufu. Matangi ya mafuta ya kupashia nyumba moto yalipasuka, na maji yalipoondoka yaliacha mstari mweusi wa mafuta kwenye kuta za mtaa mzima, umenyooka kama umepigwa uzi.

Saa nne kasoro dakika kumi nikaona sakafu inang'aa kwenye kona. Hakuna wimbi wala sauti. Jiwe moja lilibadilika rangi, likawa jeusi pembeni, na weusi ule ukatambaa taratibu kufuata mstari wa kiungo hadi jiwe la pili. Jirani akawasha pampu. Ikaguna, ikakohoa, ikaanza kutema nje kupitia mpira uliopita juu ya ubao. Kwa mtu aliyezoea bahari inayokuja kwa ngurumo, nilisimama pale nimeshika katoni nikitazama kitu chenye upana wa kidole na wazee wawili wanaokitazama kama nyoka. Maji ya kifuu, bahari ya chungu.

Bibi akanifukuza: nenda San Marco ukaone, hapa huna kazi. Gambuti zake zilinipwaya mno kwa safari ndefu, nikazivua, nikavaa raba zangu nikaenda nazo hadi karibu na daraja la Rialto, ambako kijana wa Kibangladeshi alikuwa anauza zile soksi za plastiki za rangi ya machungwa, unavalia juu ya viatu unafunga kwa kamba chini ya goti. Euro 10. Nilipojaribu kumpunguza bei akaniuliza kwetu wapi. Nikamwambia. Naye akaniambia kwao, mkono ukaenda usawa wa shingo kuonyesha maji ya huko yanavyofika. Tukatazama watalii waliokuwa wanapiga mayowe kwa maji ya kifundo cha mguu, tukacheka wote wawili kwa dhambi moja. Bei hakupunguza.

Kabla sijaendelea niseme kuhusu soko la samaki pale Rialto, maana limenikaa kichwani kuliko makanisa. Kuna bamba la jiwe ukutani linaloorodhesha urefu wa chini wa kila samaki aliyeruhusiwa kuuzwa. Dagaa aina ya sadini sentimita 7, mkunga sentimita 25. Mji huu umekuwa ukipimana kwa sentimita hata na samaki.

Njia ya kwenda San Marco ilikuwa imetandikwa zile wanazoziita passerelle: mbao ndefu juu ya miguu ya chuma, upana wa watu wawili wembamba. Tangu vuli miguu na mbao hurundikwa pembezoni mwa njia zikisubiri. Ukiingia, unafuata mkondo. Wenyeji wanakwenda wima, kulia, hawasimami. Watalii tunasimama kupiga picha, na nyuma yetu panatokea foleni ya watu wanaopumua kwa hasira. Mama mmoja mwenye mfuko wa kabichi alinisukuma begani kwa adabu lakini alinisukuma. Nilistahili. Passerelle nazo zina mwisho wake: maji yakipita 120 hivi hazifai tena, mbao zinaanza kuelea.

Uwanja wenyewe wa San Marco ndio sehemu ya chini kuliko karibu mji wote, na ndiyo sababu hupata maji wakati mamia ya watu kwingineko hawajui kama kuna maji. Yakifika 80 na kitu uwanja umeanza kuloa. Nilifika saa nne na robo na upande wa mbele ya basilika ulikuwa tayari ni dimbwi, lakini katikati bado pakavu, na hapo ndipo nilipokuta nilichokuja kukiona bila kujua. Tundu la maji ya mvua, jiwe jeupe lenye nafasi nne. Kazi yake ni kuyapeleka maji ya mvua baharini. Sasa lilikuwa linafanya kinyume. Kwanza lilipumua, nikasikia hewa. Kisha povu dogo, kisha kichungi cha sigara kikatoka chenyewe, kikazunguka mara mbili, kikaondoka. Baada yake maji safi kabisa, yanabubujika kimya kama chemchemi. Kule mbele bahari ipo, gati lipo, na maji hayakupita juu ya gati. Yalitokea chini ya miguu yetu. Ukuta wa aina gani utaujenga dhidi ya bahari inayoingia kwa mlango wa uani?

Basilika sasa wameizungushia ukuta wa vioo, uliokamilika mwishoni mwa 2022, kwa sababu ukumbi wake wa mbele uko chini hata kuliko uwanja. Nilisogea karibu. Nje ya kioo maji yalikuwa juu ya kifundo, ndani ya kioo sakafu kavu, na ukichuchumaa unaona mstari wa maji umekatwa na kioo kama kwenye tangi la samaki, ila samaki ni sisi. Sikuupenda kwa sura. Nimeupenda kwa kazi.

Halafu soksi yangu ya kulia ikapasuka kwenye kisigino. Dakika arobaini tangu ninunue. Maji ya Novemba yaliingia kwa utulivu uleule wa dukani, na sijui nieleze vipi baridi ile kwa mtu wa pwani ya kwetu. Haikuuma ngozi, iliuma mfupa. Nikaamua kurudi. Njia niliyojia haikuwa na shida, ila mimi nikajitia ujanja nikakata mkato, nikavuka daraja nikateremka kwenye uchochoro usio na passerelle. Mbele maji, nyuma yangu maji yamepanda wakati natafuta njia. Nilisimama juu ya daraja lile dogo karibu saa nzima, mimi na Mjapani mmoja na mbwa wa mtu. Tuligawana biskuti. Mbwa pia.

Pale darajani nilipata muda wa kutazama ukuta, na hii ndiyo sehemu ya kazi yangu, mnivumilie. Nyumba nyingi zimekaa juu ya magogo yaliyopigiliwa kwenye matope mamia ya miaka iliyopita. Hayajaoza kwa sababu humo hakuna hewa. Juu ya magogo kuna mawe meupe kutoka Istria, ng'ambo ya Adriatiki, jiwe gumu lisilonyonya maji. Juu ya jiwe ndipo tofali linapoanza. Akili yake ni hiyo: bahari icheze na jiwe, isifike kwenye tofali. Ila bahari imepanda na jiwe halikupanda. Chini ya daraja niliona ukanda wa kijani wa mwani mwembamba, ule unaoonyesha maji ya kawaida yanafika wapi, umeshaliacha jiwe umeingia kwenye tofali. Wanasayansi wamewahi kuupima ukanda huohuo kwenye michoro ya Canaletto, mchoraji wa karne ya 18 aliyechora majengo haya kwa uangalifu wa mpima ardhi, wakaulinganisha na kuta za leo na kukuta umepanda zaidi ya nusu mita.

Nilinyoosha mkono nikapitisha kidole gumba kwenye tofali, usawa wa kiuno changu. Likamwagika. Unga mwekundu uliochanganyika na mweupe, na ule mweupe niliuonja nikijua jibu. Chumvi. Baba, ambaye amekuwa mwashi maisha yake yote, husema ukuta haufi kwa maji, hufa kwa kukauka. Maji yanapanda ndani ya tofali yakibeba chumvi, jua likitoka maji yanaondoka, chumvi inabaki, inakaa punje, punje inavimba, inapasua tofali kutoka ndani. Mafuriko ya siku moja watu wanayapiga picha. Kazi yenyewe inafanyika siku zinazofuata, wakati mji unaonekana mkavu na kila mtu ameanika mazulia. Na nimeona pale jambo ambalo kwetu limeua nyumba nyingi: mtu amechoka na unga wa chumvi, akapiga lipu ya saruji juu yake. Maji yakikosa pa kutokea chini, yanapanda hadi juu ya lipu. Nyumba ya tatu kutoka darajani ilikuwa na lipu safi mpaka mita moja na nusu, na juu ya lipu tofali zimeliwa kama mkate wa panya.

Mtauliza kuhusu yale malango ya kuizuia bahari. Hata mimi niliuliza. Yapo 78, ya chuma, yamelala chini ya bahari kwenye milango mitatu inayoingiza maji kwenye laguna, ile bahari ya ndani inayouzunguka mji: Lido, Malamocco na Chioggia. Kila lango ni boksi tupu lililojazwa maji ili lilale. Wakitaka kufunga wanapuliza hewa ndani, maji yanatoka, lango linainuka lenyewe kama boya likiwa limeshikiliwa na bawaba. Inachukua kama nusu saa. Ujenzi ulianza 2003, ukala mabilioni ya euro na kashfa ya rushwa katikati, na mara ya kwanza kuinuliwa dhidi ya maji halisi ilikuwa 3 Oktoba 2020. Tarehe 22 Novemba 2022 bahari nje ilipita 170 na mji ukabaki salama. Bibi aliniambia siku hiyo alikaa dirishani akingoja mpaka akalala kitini.

Lakini kwa kawaida hufungwa pale maji yanapotabiriwa kufika 110. Ukifunga kila siku, meli hazipiti, na laguna haipumui. Maji yake husafishwa na huko kujaa na kupwa. Kwa hiyo 105 inaachwa ipite. Jirani mwenye 102 anaishi katikati ya namba mbili, 102 ya kizingiti chake na 110 ya msaada. Nilimuuliza bibi kama jirani hajawahi kulalamika. Alisema amelalamika sana, kisha akanunua pampu kubwa zaidi.

Maji yalifika kileleni kabla ya saa tano, yakasimama kama yanafikiri, kisha yakaanza kushuka. Saa saba uchochoro ulikuwa mkavu tena. Nilipofika mtaani miguu yangu siisikii. Bibi hakusema kitu, alitazama raba zangu zilizokuwa nyeupe, akaweka beseni la maji ya moto sakafuni na kurudi kwenye sufuria yake. Niliikausha miguu kwa kanga yangu, akaishika akauliza maandishi yake yanasema nini. Nilishindwa kumtafsiria kwa Kifaransa chetu kile. Nikamwambia ni dua.

Dukani kwa jirani maji yalifika 106 mwishowe. Wanda mbili juu ya kizingiti. Tulimkuta anasuuza sakafu kwa maji ya bomba, ndoo baada ya ndoo, kisha anayasukuma nje kwa mpira, kisha anasuuza tena. Ni chumvi anayoitoa, anajua kama baba anavyojua. Nikachukua ufagio. Tulipomaliza akachora mstari mpya ukutani, mfupi mno kiasi kwamba ilibidi alale kifudifudi, akaandika tarehe.

Jumapili jua lilitoka na mji ukawa mzuri kiasi cha kuudhi. Nilipanda boti namba moja kwenye Mfereji Mkuu, euro 9.50, bei inayouma, nikakaa mbele kabisa. Sina la kuongeza kwenye picha mlizokwisha kuziona. Katika Campo San Bartolomeo nilisimama mbele ya duka la dawa lenye kibao cha taa dirishani kinachoonyesha idadi ya wakazi waliobaki katika mji wa kale. Ilikuwa chini ya elfu hamsini. Mwaka 1951 walikuwa kama 175,000. Watu walikuwa wanapita na masanduku yao ya magurudumu bila kukitazama.

Jioni nikiwa kituoni nikiisubiri treni ya Padova baba akanipigia.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mama. Nilisikia ujumbe wako ule. Ehe, bamvua la Wazungu limekuacha salama?"

Nikamwambia limepanda wanda mbili juu ya kizingiti cha duka. Akacheka mpaka akakohoa, nikamsikia akimpa mama habari hiyo, na mama naye akacheka kule nyuma. Nikasubiri wamalize. Nikamwambia habari ya tofali lililomwagika usawa wa kiuno, na unga ule mweupe, na lipu ya saruji juu yake.

Akanyamaza kidogo.

"Chokaa hawana?"

"Wanayo baba. Wengine wameacha kuitumia."

"Umewaambia waibandue hiyo saruji?"

Nikamwambia hawajaniuliza. Treni ikaingia, akasema nipige picha ukuta ule nimtumie, na niweke kidole pembeni ili aone ukubwa wa punje za chumvi. Picha sikuwa nayo. Nilikuwa na picha 63 za San Marco.